Jumamosi ya Zimamoto Wadogo

Wandugu wapiganaji wa chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu. Nyinyi mliokunywa nami chai ya rangi katika vikombe vya plastiki na kupanga nami dunia isiyo na bwana wala mtwana: nawasalimu kwa ngumi iliyokunjwa na moyo uliokunjuliwa.

Hamjambo nyote? Mwenyekiti, koo lako linaendeleaje? Nimearifiwa kwamba Jumamosi ulihutubia baraza zima kwa sauti yako mwenyewe, kwa sababu ufunguo wa kabati la kipaza sauti ulikuwa mfukoni mwangu, na kwamba hadi leo unaongea kama mlango uliokosa mafuta. Pole sana, ndugu yangu. Sukutua maji ya moto yenye chumvi, na usibishane na mtu yeyote mpaka barua hii imalizike kusomwa. Mhazini, kifundo cha mguu kimepungua uvimbe? Nilikwambia ukuta ule si wa kurukwa na mtu aliyevaa kandambili. Mimi ni mzima wa afya, ingawa vidole vyangu viwili vimegandana kwa gundi na nyumba nzima inanuka keki iliyolowa. Mama yangu anawasalimu na anauliza kama mnakula vizuri. Nimemjibu kwamba hiyo ndiyo hoja ya kwanza katika madai yetu.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu hukatizwa, na nyinyi ni mabingwa wa kukatiza. Naomba barua hii isomwe kwa sauti, mbele ya kamati yote, bila kurukwa aya.

Najua yanayosemwa. Inasemwa kwamba Katibu Mwenezi wenu, aliyeapa mbele ya bwalo zima kwamba Jumamosi saa tisa alasiri atasimama jukwaani, amenunuliwa na Mlezi wa Wanafunzi. Mwingine amesema hapana, hakununuliwa, ametishwa. Na mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa kuwa anajijua, amesema wanawake wote mwisho wake huwa huo, hulegea. Basi sikilizeni. Sikununuliwa. Sikutishwa. Na wewe uliyesema nimelegea, kaa vizuri kwenye kiti chako, maana sehemu yako inakuja. Saa tisa ya Jumamosi ile nilikuwa uani kwetu, nimevaa kofia nyekundu ya kadibodi, nikiendesha sherehe ya kuzaliwa ya mtoto aliyetimiza miaka mitano.

Chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Mtoto mwenyewe mnamjua kwa picha. Ni yule mnayemwita mpwa wa Kipaza, kwa jina mlilonibandika. Sisi nyumbani tunamwita Punje, kwa sababu alizaliwa mdogo kiasi kwamba muuguzi alimbeba kwa kiganja kimoja akijigamba. Analelewa na mama yangu, ambaye ni mpishi wa shule, na mtaani inajulikana kwamba mama yake ni dada yangu mkubwa aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo. Mimi huja mwisho wa juma, na yeye huniita Mama Mdogo.

Miezi michache iliyopita, kikosi cha zimamoto kilitembelea chekechea yao. Askari mmoja alimvalisha Punje kofia yake, kofia ikammeza hadi mabegani, kisha akamruhusu ashike mpira wa maji. Toka siku hiyo nyumba yetu imekuwa kituo. Sufuria ikitoa mvuke kidogo tu, bibi yake hutolewa jikoni kwa nguvu na kuamriwa akae chini ya mti wa mpera. Alipoulizwa angependa sherehe ya namna gani, hakufikiri hata kidogo: ya zimamoto. Wageni wote wavae kofia nyekundu, kuwe na ngazi, kuwe na king'ora, na kuwe na watu wa kuokolewa. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi. Alisema zimamoto bila watu wa kuokolewa ni watu wanaomwagilia bustani.

Nilikabidhiwa idara ya mialiko. Mama yangu angeshughulikia keki. Mimi, mtaalamu wa kuhamasisha umma, ningewaleta watu. Nakiri, wandugu, kwamba niliona kazi hiyo ni ndogo kwangu. Nimewatoa vitandani wanafunzi wa mwaka wa kwanza saa kumi na moja alfajiri. Nitashindwa watoto kumi na wawili wa mtaa mmoja?

Nikafanya kama tunavyofanya sisi. Niliandika tangazo lenye nguvu, likaanza kwa maneno “Watoto wa mtaa huu, wakati wenu umewadia!” Nililirudufu kwenye karatasi ile ile nyembamba ya kijivu ya vipeperushi vyetu. Sikuweka jina la mwandishi wala la mwenyeji, kama tulivyokubaliana kuhusu usalama wa nyaraka zote. Nilikunja kila karatasi mara nne. Kisha, watu walipokuwa makazini, nikapita nyumba hadi nyumba nikizipenyeza chini ya milango, bila kugonga, bila kusalimu, bila kuacha alama. Na kwa kuwa siri ndiyo roho ya shirika lolote, nilimwapisha Punje kwamba hatamwambia mtoto yeyote hadi Ijumaa, ili wapate mshangao. Maskini, juma zima alikwenda chekechea ameziba mdomo kwa mkono. Mwalimu wake alidhani anaumwa jino.

Ijumaa mchana nilikwenda kumchukua. Nilimpa ruhusa ya kusema, akakimbia katikati ya uwanja na kuwauliza wenzake wote kwa pamoja kama kofia zao ziko tayari. Wakamtazama. Akauliza tena, taratibu, akidhani hawakusikia. Msichana mmoja akasema kwao kulikuja karatasi chini ya mlango, lakini mama yake aliwashia jiko kabla hajaikunjua. Mwingine akasema kwao baba aliichana, kwa kuwa kiongozi wa mtaa alipita baada ya mgomo wetu wa mwisho akawaonya watu wote: karatasi ya kijivu ikipenyezwa chini ya mlango, usiisome, ichane, usije ukaitwa kutoa maelezo. Wandugu, kazi yetu ya miaka miwili imewafundisha wazazi wa mtaa mzima kuogopa karatasi. Nami nikachukua hofu hiyo nikaiandikia mwaliko wa mtoto.

Njiani Punje hakulia. Ningeshukuru kama angelia. Alitembea akiruka nyufa za barabara kama kawaida yake, kisha akaniuliza kama labda watoto hawapendi zimamoto. Alisema hana neno, tunaweza kubadilisha iwe sherehe ya wanyama. Anaweza kuwa twiga. Alilisema hilo kama mtu mzima anayempunguzia mwenzake aibu.

Mama yangu alikuwa anakwangua mabaki ya rangi nyekundu kwenye vidole vyake. Alikuwa amekwisha kuipaka keki, gari la zimamoto lenye magurudumu ya biskuti na ngazi ya vijiti vya peremende. Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu: “Wewe watu elfu wanakusikiliza uwanjani. Haya, nenda ukasikilizwe na mama mmoja mlangoni.” Akaongeza kwamba mwaliko wa mtoto haupenyezwi; unapelekwa na mtu mwenye uso, anapiga hodi, anakaribishwa, anasema shida yake, na anajibiwa machoni.

Nikaenda. Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani, jirani yetu, mama wa watoto watatu ambao bila wao hakuna sherehe, kwani wengine wote huwafuata. Nilimkuta anapindua pindo la sare, pini zimejaa mdomoni. Nikaanza. Niliongea juu ya haki ya mtoto kucheza, juu ya mitaa yetu iliyogeuzwa kuwa mabweni ya watu wanaoogopana, juu ya kofia za kadibodi kama mwanzo wa mshikamano. Ilikuwa hotuba safi, mngejivunia. Alinisikiliza hadi mwisho. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akauliza mama wa mtoto yuko wapi.

Nikasema, kama ajuavyo, yuko ng'ambo. Akasema basi apige simu, aalike kwa kinywa chake. Nikasema ni vigumu, mimi ni mama mdogo, natosha. Hapo akacheka, si kwa ubaya. Akasema yeye mwanawe humkabidhi mama mwenzake, kwa sababu mama mwenzake anajua uchungu wake. Mtoto akidondoka kwenye hiyo ngazi yenu, amwendee nani? “Nikija na mtoto amevunjika mkono utafanya nini wewe, utanihutubia?” Akawasha cherehani.

Nilikwenda kwa muuza dawa wa pembeni ya barabara. Ni mtu mpole. Alinipa kiti, akaniuliza hali ya masomo, na akaniambia jambo lile lile kwa lugha laini zaidi. Nyumba ambayo watoto wanaambiwa mama yuko mbali, na hakuna aliyewahi kumwona hata siku moja, huwapa wazazi wasiwasi. Angemwona mama, angempa mtoto wake na kifurushi cha zawadi juu. Nilitoka pale nikasimama kando ya barabara, na kupitia uzio wetu nilimwona Punje ameshuka uani peke yake. Alikuwa anapanga viti vya watoto kwa duara. Akivipanga, anavihesabu, akivihesabu, anaondoa kimoja, anakisogeza ukutani, kama mtu anayepunguza matarajio.

Wandugu, nimesimama mbele ya askari wenye ngao sikurudi nyuma. Nimeitwa ofisini kwa Mlezi wa Wanafunzi nikatoka nikiimba. Lakini kurudi kwenye mlango wa fundi yule ndiko kulikonigharimu kuliko yote, na nilirudi. Sikubisha hodi mara mbili. Nilimwambia hivi: mama yake hayuko ng'ambo. Dada yangu aliye ng'ambo hajawahi kuzaa. Mama yake ni mimi.

Naam, mmesikia sawasawa. Mwenyekiti, usirudie kusoma mstari huo, umeusoma vizuri. Punje ni mwanangu. Nilimzaa mwaka niliomaliza shule, kabla sijawajua nyinyi wala chuo. Baba yake alipata kazi, akapata na namba mpya ya simu. Na nilipoitwa kujiunga na chuo, mtoto akiwa hajajua kusema, tuliisoma kanuni ya malazi, mimi na mama yangu, mezani: mwanafunzi mwenye mtoto hapewi kitanda bwenini wala posho ya masomo. Mama yangu aliufunga ule ukurasa akasema kuanzia siku ile, na katika mtaa huu tuliokuwa tunahamia, mtoto ni wa dada yangu wa ng'ambo. Hivyo ndivyo mwanangu alivyojifunza kuniita mama mdogo. Siombi radhi kwa kumzaa, na simlaumu mama yangu kwa kunifungulia mlango kwa njia aliyoiona.

Fundi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayepima kitambaa. Nilijiandaa kwa matusi, kwa mahubiri, kwa lolote. Akasema: “Si useme hivyo tangu mwanzo, Mama Punje, unanimalizia jioni yangu! Wanakuja saa ngapi?” Kisha akainuka, akapanda kwenye ndoo iliyo kando ya ukuta, akamwita jirani wa upande wa pili kwa sauti iliyonifanya nielewe kwamba kitengo cha uenezi nimekuwa nikikikalia tu. Nilipofika tena kwa muuza dawa, alikuwa amekwisha kuambiwa, na amekwisha kufunga zawadi. Nyumba zilizofuata zilinifungulia kabla sijapiga hodi. Wengine walinikaribisha, wengine walinichungulia tu, na mama mmoja alisema mbele yangu kwamba wasomi ndio waongo wakubwa. Nikamjibu kwamba ana haki ya kusema hivyo na mtoto wake ana haki ya kula keki. Alikuja.

Asubuhi ya Jumamosi, tukiwa sakafuni tunakata kofia, nilimwambia Punje mwenyewe. Sikutaka alisikie kwa mwingine kati ya puto na juisi. Akauliza kama bibi ataondoka. Nikasema haondoki. Akauliza kama keki itabadilika. Nikasema keki ni ile ile. Akasema nimpe gundi. Hayo ndiyo yaliyosemwa, na nikajiambia kwamba sina haki ya kudai zaidi.

Saa nane walikuja. Walikuja wote, wandugu, pamoja na watatu ambao hakuna aliyewaalika. King'ora alikuwa mtoto mkubwa wa fundi, ambaye hakuhitaji kifaa. Nyumba ya kuteketea ilikuwa boksi la friji, lenye ndimi za moto za karatasi ya rangi ya chungwa madirishani, na kila mtoto alipewa kindoo cha maji. Tulipoleta keki yenye mishumaa mitano, niliwaomba waimbe. Punje aliona moto. Alipaza amri moja tu, na kabla mtu hajainua mkono, ndoo kumi na tano zilimwagwa juu ya gari la zimamoto. Magurudumu yalielea. Mama yangu alisimama na kisu mkononi, akaitazama kazi yake ikielekea kwenye mfereji, akasema angalau mishumaa imezimika. Tuliila vivyo hivyo, kwa vijiko.

Kisha ukafika wakati wa kuokoa. Mchezo ulikuwa hivi: kina mama wote waingie nyuma ya lile boksi, waite msaada, na kila mtoto aingie amtoe mama yake kwa mkono hadi chini ya mpera. Kina mama walipiga mayowe kwa moyo mmoja; fundi alizimia mara mbili. Watoto waliingia mmoja mmoja wakatoka na mama zao wameinama, wanakohoa, wanacheka. Punje, kwa kuwa ndiye mkuu wa kikosi, alibaki wa mwisho. Nyuma ya boksi tulibaki mimi na mama yangu. Akaingia akiwa amekunja uso kwa kazi, akamshika bibi yake, akamtoa. Nilisikia wakipiga makofi. Nikasikia mchezo umekwisha, watu wanaulizia juisi. Nilikuwa nimekwisha kujiinua ili nitoke mwenyewe.

Ndipo kofia yake ikatokea tena kwenye pembe ya boksi. Akaniambia niiname kwa sababu juu kuna moshi. Akanishika kidole, kile chenye gundi, akanivuta. Nje watoto walipinga kwa haki kabisa: sheria ilisema mtoto mmoja mama mmoja, na mkuu amevunja sheria. Hakusimama kubishana. Alinifikisha chini ya mpera, akanikalisha karibu na bibi yake, akawageukia akawaambia kwamba yeye anao wawili, na kama hawataki wakazime moto wao kwingine.

Hapo ilikuwa saa tisa na dakika chache. Nanyi mlikuwa mnanisubiri. Hata kama ningegawanyika vipande viwili, nisingewatumia hata kimoja.

Sasa kwa yule aliyesema nimelegea. Kwa miaka miwili tumepigania bei ya chakula, tumepigania taa za njia ya maktaba, tumepigania hata saa za kufunga geti. Kanuni ya malazi haijafika mezani kwetu hata siku moja, na mimi niliyeketi kwenye meza hiyo nilikuwa nauma ulimi. Nimemaliza kuuma. Nimeamua kutojiuzulu, mnaotaka kuniondoa, mniondoe kwa kura, tukitazamana. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa Mlezi wa Wanafunzi, kwa uso wangu na jina langu, nimwambie kabla hajaambiwa. Wakitaka kitanda changu, waje wakitoe wao, mchana, watu wakiona. Posho wakiikata, nitapika pamoja na mama yangu alfajiri na nitaingia darasani nikinuka vitunguu. Lakini chuo hakitanipa tena shahada kwa malipo ya kumkana mwanangu, na wala hakitampa yeyote mwingine kwa bei hiyo bila kusikia sauti yangu.

Nisalimieni mlinzi wa geti, na mama wa kantini, na mumwambie nitarudisha bakuli lake. Mhazini, usipande ngazi. Mwambie mtu akuletee chai. Mwenyekiti, ufunguo wa kabati nimeufungia ndani ya barua hii.

Kikao kijacho cha kamati kitafanyika Jumapili, saa nane kamili mchana, uani kwetu, nyumba yenye geti la kijani nyuma ya duka la fundi cherehani. Ajenda ni kanuni ya malazi, peke yake. Pigeni hodi. Na kama kuna mwenzetu mwingine mwenye mtoto aliyefichwa kwa bibi, kwa shangazi au kwa jirani, aje naye. Viti vidogo vipo, na kelele zao zitaandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Wenu katika mapambano,

Mama Punje